Rahisi kwa Nani?

Imezuka ada mpya baina ya vijana wetu waliooana, khasa wale wanaoishi Uingereza na nchi nyengine za Ulaya, na hata huku kwetu imeanza kusifiwa barazani. Ada yenyewe ni kwenda kupumzika wiki moja, mume na mke, katika kisiwa cha jua cha Bahari ya Mediterania kwa bei ndogo kabisa. Hulipwa mara moja tu: ndege, chumba, chakula na vinywaji, vyote ndani. Na warudipo, jambo la mwanzo wanalolitaja si uzuri wa kisiwa wala tabia za watu wake, bali ni bei. "Tumekwenda kwa pesa kidogo!" Basi sisi twauliza swali moja: rahisi kwa nani?

Kabla ya kuendelea, na ifahamike kwamba hatupingi safari. Qur'ani Tukufu imetuamrisha katika Sura ya Al-Ankabut tutembee katika ardhi tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha viumbe. Wala hatupingi mume na mke kupata siku zao za faragha. Wazee wetu waliweka fungate, siku saba kamili, na hapana aliyewacheka. Tunalolipinga ni kuiita rahisi kitu ambacho gharama yake imelipwa na mtu mwengine aliye dhaifu kuliko sisi.

Biashara hii ina tarehe yake. Mwaka 1950 mtu mmoja wa London, Vladimir Raitz, alikodi ndege akapeleka watu Calvi, katika kisiwa cha Corsica, kwa pauni 32 na shilingi 10. Walilala katika mahema, na mwanzoni serikali ilimruhusu kuchukua wanafunzi na waalimu tu. Siri ya urahisi wake ilikuwa ni kujaza viti vyote na kununua kwa jumla. Hapo hapana lawama. Mfanyabiashara hodari hufanya hivyo. Lakini tangu siku zile hesabu imegeuka. Visiwa vinne vya Baleares, navyo ni Mallorca, Menorca, Ibiza na Formentera, vina wenyeji kiasi cha milioni 1.2. Mwaka 2024 vilipokea wageni zaidi ya milioni 18. Yaani kwa kila mwenyeji mmoja, kuanzia mtoto mchanga hadi mkongwe, wageni kumi na tano.

Sisi Waswahili tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Natutazame, je, huyu mwenyeji wa Mallorca amepona?

Kwanza, nyumba. Mwenye nyumba katika mji wa Palma aliona kwamba mgeni wa wiki humlipa zaidi kuliko mwalimu wa mwaka. Kodi zikapanda hata wauguzi, waalimu na wapishi wa hoteli wakashindwa kuzilipa, na wako watu wenye kazi zao wanaolala katika magari. Mwaka 2018 baraza la mji wa Palma lilipiga marufuku kuwakodisha watalii nyumba zilizomo katika majengo ya ghorofa wanamokaa wenyeji. Hata hivyo, Mei na Julai 2024 maelfu ya watu walitoka barabarani kulalamika. Hawakuwa wakisema wanawachukia wageni. Walisema hawana pahali pa kulala katika mji waliozaliwa.

Pili, mtumishi. Kitanda unachokikuta kimenyooka kimetandikwa na mwanamke, na hoteli ya bei ndogo haipati faida ila kwa kumuongezea vyumba. Wanawake hawa wa Uhispania wamejiunga, wakajiita "las Kellys", jina lililotokana na maneno yenye maana ya wale wasafishao, wakaeleza khabari za migongo iliyoharibika na dawa za maumivu zinazomezwa ili siku ipite. Jambo hili lilikuwa kubwa hata sheria ya utalii ya Baleares ya mwaka 2022 ikazitaka hoteli ziweke vitanda vinavyoinuliwa kwa mtambo, ili mtandikaji asiiname. Fikiri, ndugu yangu: mgongo wa mama wa mtu umefika mpaka katika sheria. Na wewe wasema chumba kilikuwa rahisi!

Tatu, maji. Mallorca haina mito ipitayo mwaka mzima. Katika ukame wa miaka ya tisini, kuanzia 1995 hadi 1997, maji yaliletwa kwa meli kutoka bara, na leo kiko kiasi kikubwa kinachotolewa chumvi kwa mitambo katika bahari. Mgeni huja Julai na Agosti, miezi ambayo mbingu imefunga, akaoga mara tatu kwa siku na kutaka bwawa limejaa. Sisi tumefunzwa tusifanye israfu ya maji hata tukitawadha penye mto. Je, penye kisiwa kisicho mto?

Nne, na hili lamkhusu Muislamu moja kwa moja, ni vinywaji. Bei ya "vyote ndani" hupangwa kwa kuchanganya wanywao na wasiokunywa. Maana yake ni kwamba wewe usiyeonja ulevi unamsaidia mlevi kulipa gilasi yake. Pombe yenyewe ilivuka mpaka hata kwa wenyeji wasioiharimisha. Mwaka 2020 serikali ya visiwa ilitoa amri kwamba katika baadhi ya sehemu za Mallorca na Ibiza hoteli za namna hii zisitoe zaidi ya vinywaji sita vya ulevi kwa mtu kwa siku, tena wakati wa chakula. Mwaka 2024 ikakataza maduka ya sehemu hizo kuuza pombe kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa mbili asubuhi. Ikiwa wasiokatazwa na dini yao wamechoka, sisi twakwenda kutafuta nini meza ile ile?

Sasa tuzijibu hoja za wanaoitetea ada hii.

Husema: "Pesa zetu zawapa riziki." Ni kweli kwamba kisiwa kile chaishi kwa wageni, na anayetaka wasije kabisa anataka watu wafe njaa. Lakini pesa za mgeni aliyelipa kila kitu kwao zimekwisha kugawanywa kabla hajapanda ndege: sehemu ya shirika la ndege, sehemu ya wakala, sehemu ya hoteli. Muuza mikate, mvuvi na mwenye mkahawa wa pembeni humuona akipita na taulo begani. Ni riziki gani hiyo? Na ile kodi ndogo ya kila usiku iliyowekwa mwaka 2016 kwa ajili ya kukitengeneza kisiwa, wako wanaoinung'unikia kama wamenyang'anywa.

Husema tena: "Basi raha iwe ya matajiri peke yao?" Hii ndiyo hoja yao nzito, nayo ina haki ya kujibiwa. La, haiwi ya matajiri. Tajiri mwenye jumba la mlimani na bwawa lake peke yake hula maji na ardhi kuliko watu kumi, naye amestahiki lawama kubwa zaidi. Lakini kosa la tajiri halihalalishi kosa letu. Asiye na pesa nyingi anaweza kwenda siku tatu badala ya saba, mwezi wa Novemba badala ya Agosti, na akalipa haki ya kila anachokitumia. Safari yake itakuwa fupi, lakini itakuwa yake. Kubana matumizi ni sifa njema tunapojibana wenyewe. Tukimbana mtumishi, hiyo si iktisadi, ni dhulma.

Na wako wenye kusema: "Kisiwa kile kilikuwa chetu, wakatunyang'anya." Ni kweli kwamba Waislamu waliingia Mallorca mwanzo wa karne ya kumi, na mji wa Palma ukaitwa Madina Mayurqa mpaka mfalme wa Aragon alipouteka siku ya mwisho ya mwaka 1229. Walakini yule mwanamke mtandika vitanda hakuwamo katika jeshi la mfalme. Na baadhi ya vibarua wa kisiwa kile leo ni Wamoroko, ndugu zako katika dini. Kisasi gani hicho kinachomwangukia Fatuma?

Bali lau wangekijua kisiwa hicho wanachodai ni chao, wangetoka hotelini. Wangeona hamamu ya Kiarabu iliyobaki Palma. Wangeona kuta za mawe zilizopangwa mlimani kwa ngazi, na mifereji ya maji iliyoanzishwa wakati wa Waislamu, ambayo ni katika sababu za milima ya Tramuntana kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011. Wangesikia majina kama Binissalem, ambalo mwanzo wake ni "bani", na Alcúdia, yaani kilima. Na wangejua kwamba mkate mtamu mashuhuri wa kisiwa, ensaimada, umeitwa kwa neno la Kiarabu ambalo sisi twalitamka shahamu. Lakini shahamu yenyewe siku hizi ni ya nguruwe! Mgeni anayelala kando ya bwawa wiki nzima hajui hata anachokila.

Tena haya si mambo ya mbali. Ndege za watalii wa bei ya jumla zimeshuka Mombasa na Unguja miaka mingi. Twanung'unika, na tuna haki, tukiona nyumba kongwe za Lamu zimetoka mikononi mwa wenyewe, na pwani za Nungwi wavuvi wakisukumwa pembeni, na wageni nusu uchi wakipita mbele ya misikiti. Muislamu hukipendea kwa nduguye anachokipenda kwa nafsi yake. Basi yule anayelalamika Lamu mwezi wa Januari, kisha Agosti akaenda Palma kukodi chumba alichotolewa mwenyeji, malalamiko yake ni ya nini? Huyo hachukii dhulma. Anachukia kuwa yeye ndiye anayedhulumiwa.

Enyi vijana, mume na mke, safirini. Lakini kabla ya kulipa, ulizeni nani aliyekuwa akikaa katika nyumba hiyo. Nunueni chakula kwa mwenye duka. Msilipe bei iliyotiwa ulevi ndani yake. Mpeni salamu yule anayewatandikia, na mwachieni kitu mkononi. Haki ya mgeni ni siku tatu, na wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mallorca wageni wamezidi siku, na jembe hawalitaki. Wanamwachia mwenyeji alime, kisha wanarudi kwao kusifu bei.