Adhana Haikusikika Mwezini

Mwaka 2018 ilitoka filamu iitwayo First Man, inayosimulia maisha ya Neil Armstrong, Mmarekani aliyekuwa mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, Julai 1969. Humo twamwona baba akimzika bintiye Karen, aliyefariki mwaka 1962 kwa uvimbe wa ubongo kabla ya kutimiza miaka mitatu. Twamwona pia rubani akinusurika mwaka 1966, pale Gemini 8 ilipozunguka angani kama pia.

Kisha filamu inaongeza jambo: Armstrong anaidondosha bangili ya bintiye katika shimo la Mwezini. Ni tukio la kuliza, lakini halina ushahidi. Ni dhana tu, na watazamaji wengi wameondoka wakiiamini.

Kabla hatujawalaumu watengeneza filamu, na tujitazame. Tangu miaka ya 1980, kuanzia Indonesia hadi Misri, imesimuliwa kwamba Armstrong alisikia sauti ngeni Mwezini, baadaye akaitambua kuwa ni adhana, akasilimu. Hata kwetu khabari hii ingali ikisikika katika mawaidha. Ukweli ni kwamba mwenyewe aliikanusha. Mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilizipelekea balozi zake ujumbe kwamba hakusilimu, ingawa hakukusudia kumvunjia mtu heshima. Alifariki mwaka 2012 akiwa katika kauli hiyo.

Wapo wasemao: "Ina ubaya gani, maadamu inazidisha imani?" Ubaya wake ni huu. Mtoto anayefundishwa kisa hiki madrasa, kesho atafundishwa skuli kwamba sauti huhitaji hewa au kitu kingine cha kuichukua, na Mwezini hakuna hewa. Hapo hatakitilia shaka kisa peke yake. Atamtilia shaka na mwalimu, na mengine yote aliyopokea kwake. Na atakayedai kwamba huo ulikuwa muujiza, atuletee mpokezi. Kwani yule anayedaiwa kusikia ndiye aliyekanusha.

Ndugu zetu walimu na makhatibu, sisi ni umma wa isnadi. Wanazuoni wetu walisafiri miezi kutafuta riwaya moja, na Suratul Hujuraat imetuamrisha kuzihakiki khabari kabla ya kuzifanyia kazi. Vipi tuwe wakali kwa riwaya dhaifu, kisha tulegee kwa uvumi usio na sanadi, ati kwa sababu unatupendeza?

Uislamu hauhitaji ushahidi wa kuazima. Mwezini yamo mashimo yaliyopewa majina ya Ibn al-Haytham na al-Battani, kwa elimu yao ya nuru na nyota. Hilo ni kweli, na lina mafunzo: wao walipima na kuandika. Basi tuwafundishe watoto wetu hayo, na kisa cha adhana tukiache.

Wabillahi tawfiq.