Mama mjamzito akiugua, ubongo wa mtoto tumboni unaathirikaje?

Mama ana mimba ya miezi minne. Anapata homa, analala siku tatu, anapona na kurudi shambani. Je, mtoto aliye tumboni naye amepita salama? Mara nyingi ndiyo. Lakini tangu janga la UVIKO-19, watafiti wamelirudia swali hili kwa bidii, wakiangalia seli ndogo za kinga zilizomo ndani ya ubongo wa mtoto.

Seli hizo zinafanya nini?

Zinaitwa mikroglia. Huingia kwenye ubongo katika wiki za mwanzo za mimba, na zina kazi mbili kubwa. Kwanza ni walinzi: vijidudu vikiingia, hupambana navyo. Pili ni mafundi: hupunguza maungio ya ziada kati ya seli za neva, kama mkulima anavyopunguza miche ya mahindi ili inayobaki istawi. Ikipunguzwa kupita kiasi, shamba hubaki na mapengo. Isipopunguzwa, mahindi husongana.

Ugonjwa wa mama unamfikiaje mtoto?

Baadhi ya virusi huvuka kondo la nyuma. Mlipuko wa rubela nchini Marekani mwaka 1964 hadi 1965 uliacha watoto wapatao 20,000 wakiwa wamezaliwa na madhara, yakiwemo uziwi na matatizo ya macho na moyo.

Lakini hata kijidudu kisipovuka, kinga ya mama hutoa kemikali za kutangaza hatari. Tangazo hilo linaweza kufika hadi kwa mtoto na kuziweka mikroglia katika hali ya mapambano wakati zilipaswa kuendelea na ufundi wao. Mwaka 2007, watafiti wa California waliwapa panya wenye mimba dutu inayoiga virusi, bila kirusi hai. Watoto wa panya hao walikua na tabia tofauti. Kemikali moja, interlukini-6, ilipozuiwa, madhara hayo yalizuilika.

Je, mama alaumiwe?

Hapana. Binadamu si panya. Rekodi za hospitali nchini Sweden zimeonyesha kuwa usonji huonekana zaidi kidogo kwa watoto ambao mama zao walilazwa kwa maambukizi wakiwa wajawazito. Hilo halithibitishi kwamba maambukizi ndiyo chanzo, na walio wengi kabisa kati ya watoto hao hawakuwa na usonji. Mtoto akichelewa kuongea, kumnyooshea mama kidole hakumsaidii yeyote. Mpelekeni mtoto kituo cha afya.

Nini cha kufanya?

Vijijini kwetu adui wa karibu ni malaria. Vimelea vyake hujificha kwenye kondo la nyuma, wakati mwingine mama asihisi homa kabisa, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo:

- Anza kliniki mapema, mara tu unapojua una mimba.
- Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.
- Panapo malaria, meza SP kliniki kuanzia wiki ya 13, kila dozi ikipishana na nyingine angalau mwezi mmoja. Anayetumia kotrimoksazoli amwambie mhudumu kwanza, kwani dawa hizo mbili hazitumiwi pamoja.
- Ukipata homa, au maumivu wakati wa kukojoa, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

Nawe baba unayesoma haya, nauli ya kliniki iwekwe kando mapema. Homa haisubiri mavuno.