Mkono haubagui kazi na starehe

BARAZANI, na Mwanaidi Hamisi

Kwetu Majoreni, mwanamke husifiwa kwa kuambiwa mikono yake haitulii. Vyombo vikishaoshwa, huketi na wenzake, akavuta fungu la miyaa na kuanza kusuka ukili. Soga zinanoga, ukili unarefuka, na kila apitaye humpongeza kwa kuwa hajainua kichwa tangu adhuhuri. Sifa hiyo mimi siiafiki.

Siiafiki kwa sababu ya yanayofuata usiku. Mama anagutuka mkono umekufa ganzi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinawasha kama vilivyopakwa pilipili. Anaukung'uta, anaupaka mafuta, anasema ni baridi au ni uzee. Mara nyingi si hivyo wala vile. Kwenye kifundo cha mkono mna njia nyembamba inayopitisha kano za vidole pamoja na mshipa wa fahamu. Njia ikijaa uvimbe, mshipa hubanwa. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa zaidi. Yako pia maumivu ya upande wa kidole gumba, aliyoyaeleza daktari Mswisi Fritz de Quervain mwaka 1895. Hayo huwasumbua sana akina mama wanaobeba wachanga.

Tazama basi ukili unavyosukwa. Gumba la kushoto linabana, vidole vya kulia vinakunja, mwaa juu, mwaa chini, bila kituo. Mwaa mkavu hukaidi: lazima uubane kwa nguvu, na kingo zake hukata ngozi. Kuulowesha kwanza kunaufaa mkeka, na vidole pia. Ukili ukae mapajani ili kifundo kinyooke. Kila nusu saa weka chini, kunjua vidole, nenda ukanywe maji. Na siku ya kushona mkeka kwa shazia isiwe siku ya kusuka. Wazee wanaoshona nyavu nao wasikie hapo.

Lakini mawaidha hayo hayatoshi. Mama huyo, kabla hajagusa mwaa, ameteka maji, amefua na kukamua nguo za watu saba, amekuna nazi mbili juu ya mbuzi. Mkono haubagui kazi na starehe. Vyote vinapita kwenye kifundo kilekile. Ndiyo maana anayemwambia "acha kusuka" anamdhulumu. Anamnyang'anya jambo moja alilolichagua mwenyewe kutwa nzima, na kumwachia yote aliyotwishwa.

Kupunguza kuanzie jikoni na uani. Kijana mwenye nguvu za kucheza mpira hadi magharibi hashindwi na nazi. Mume naye akamue nguo, maana kule kusokota shuka iliyolowa ndiko kunakokikera kifundo kuliko ukili wowote.

Ganzi ikidumu wiki kadhaa, au vikombe vikaanza kuponyoka mkononi, asingoje. Aende Msambweni hospitalini. Mapema, huenda kifaa cha kufunga kifundo usiku kikatosha. Akichelewa, nyama ya shina la gumba hunyauka, na kuirudisha ni shida.

Kwa hiyo wanaopenda kununua mkeka wa Majoreni na kuusifia rangi, na sisi tunaoulalia, tuulizane kwanza: nyumbani leo nani anakuna nazi?