Muuzaji wa mbwa akikuuliza maswali, usikasirike

Mteja wetu mmoja wa Sironga, kaunti ya Nyamira, alitupigia simu na swali ambalo hatukuwa tumelitarajia. Mbwa wake jike, German Shepherd, alikuwa amezaa watoto sita. Aliweka picha zao kwenye mtandao asubuhi, na kabla ya jioni mtu wa Nairobi alikuwa ameshamtumia shilingi 5,000 za kushikiwa mmoja. Bei yote ilikuwa shilingi 15,000.

Kesho yake wakiongea, mama huyu akamuuliza mnunuzi, "Utamweka wapi?" Akajibiwa kwamba mbwa atafungwa mnyororo kwenye yadi ya magari, mchana na usiku, ndio awe mkali. Mama akasema hapana, nitakurudishia pesa yako. Mnunuzi akawaka: "Mama, pesa umeshakula. Huyo mbwa ni wangu."

Sasa mama akatuuliza sisi: nimrudishie pesa kwa nguvu, ama nimpe mbwa?

Mwenzetu aliyepokea simu alimjibu kulingana na utaratibu, kwamba makubaliano ni ya wao wawili na kazi yetu ni kusafirisha pesa. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni fupi mno kwa mtu aliye na mnyama wa wiki sita mikononi na mtu anayemfokea kwenye simu. Leo tunataka kulijibu kwa urefu.

Msimamo wetu ni huu. Anayefuga na kuuza mbwa ana haki ya kuchagua nyumba watakayoenda, na afanye hivyo kabla ya kupokea hata shilingi moja. Na wewe unayenunua, jua kwamba muuzaji anayekuhoji ni salama zaidi kwa pesa yako kuliko yule asiyekuuliza kitu.

Zamani maswali hayakuhitajika

Kijijini mtoto wa mbwa alitolewa bure, au kwa kuku mmoja. Hakuna aliyemhoji mwenzake kwa sababu kila mtu alijua boma la mwingine. Ulijua nani hulisha mbwa wake na nani humwacha ale jalala. Ukimpa jirani mtoto wa mbwa, ungemsikia akibweka ng'ambo ya mto usiku huo huo, na kama angeteswa ungejua kabla ya wiki kuisha.

Leo mtoto wa mbwa wa Sironga anaweza kupakiwa kwenye gari jioni na kuamka Nairobi, Eldoret ama Mombasa. Anayempokea ni sauti tu kwenye simu. Tangu pesa ianze kutumwa kwa simu hapa Kenya mwaka 2007, watu wawili wasiojuana wanaweza kumaliza biashara kwa dakika moja. Sisi tunaishi kwa urahisi huo na hatuuombei msamaha. Lakini tukubali kwamba huduma yetu ilileta haraka, na ile haraka ikaondoa yale macho ya jirani. Maswali ya muuzaji yanachukua nafasi ya macho hayo.

Mbwa mmoja ni jambo la kijiji kizima

Wengine watasema, mbwa ni mbwa tu, kwani anaposwa? Tuangalie hesabu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 605,576 Nyamira, karibu watu 675 kwa kila kilomita mraba. Kisii wamebanana zaidi. Mashamba ni madogo, na njia ya watoto kwenda shule hupita kando ya ua la mtu, katikati ya majani chai na migomba. Mbwa aliyefungwa mwaka mzima bila kuzoeshwa watu, siku mnyororo ukikatika, hatamuuma aliyemfunga. Atamuuma mtoto wa jirani.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya ugonjwa huu ifikapo 2030. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka.

Sasa piga hesabu ya wiki. Mbwa huuzwa akiwa na wiki nane hivi. Chanjo ya kichaa inafuata baada ya hapo, akiwa tayari kwa mwenyewe mpya. Kwa hiyo anayeuza hawezi kumaliza kazi hiyo yeye mwenyewe. Anamwachia mnunuzi. Akiuliza, "Huko kwenu daktari wa mifugo yuko wapi, na utampeleka lini?" anauliza kuhusu usalama wa watu asiowajua wala kuwahi kuwaona.

Pesa ikitangulia, mdomo unafungwa

Tatizo la yule mama halikuwa kwamba aliuliza. Ni kwamba aliuliza akiwa amechelewa. Shilingi 5,000 zikishaingia kwenye simu, na labda zimeshalipa unga na dawa ya minyoo, kila swali linakuwa gumu kuuliza. Ukiuliza, unaonekana mkora anayetafuta sababu ya kumuuzia mwingine kwa bei ya juu. Mnunuzi naye anahisi ameshikwa mateka.

Arbuni, yaani ile pesa ya kushikiwa kitu, ni jambo zuri likija mwisho wa mazungumzo. Inasema, tumekubaliana, sasa tusubiri siku. Ikija mwanzo, inanunua kimya cha muuzaji.

Kuna wafugaji wanaoona arbuni kubwa ndiyo kipimo cha mnunuzi mzuri: "Akituma nusu, huyo ni serious." Hatukubaliani. Pesa inaonyesha kwamba mtu ana pesa siku hiyo. Haionyeshi nani atampa mbwa maji saa saba mchana wote wakiwa kazini.

Na usitegemee huduma ya kurudisha muamala ikutoe kwenye ubishi wa namna hii. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi. Haikuwekwa kwa watu wawili waliokubaliana kisha mmoja akabadili mawazo.

Asiyeuliza ndiye wa kuogopa

Tugeukie upande wa mnunuzi, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Tapeli wa watoto wa mbwa hana mbwa. Ana picha alizochukua mahali. Kwa hiyo hajali unaishi wapi, una watoto wadogo ama la, ama una ua. Swali lake ni moja tu: "Unatuma saa ngapi?" Ukishatuma ya kwanza, inafuata ya usafiri. Kisha ya sanduku maalum. Kisha ya chanjo, halafu kibali kilichokwama barabarani. Nchini Marekani, shirika la Better Business Bureau lilitoa ripoti kuhusu ulaghai huu mwaka 2017, na mtindo ni ule ule: malipo yanaongezeka kidogo kidogo na mbwa hafiki kamwe.

Kwa hiyo muuzaji akikuuliza nani hubaki nyumbani mchana, usione anakudharau. Ameonyesha kwamba kuna kiumbe mahali ambaye anamjali. Tapeli aliyejifunza anaweza kuuliza pia, ndiyo, lakini atachoka haraka. Mwambie, "Nataka kumwona mama yao, tupigiane video sasa hivi akiwa nao." Mfugaji wa kweli ataingia bandani. Tapeli atasema kamera imeharibika.

Maswali ya haki na maswali ya wizi

Tukisema muuzaji aulize, hatusemi aulize kila kitu. Maswali ya haki yanahusu maisha ya mbwa: atalala wapi, nani atamlisha, uko na watoto wa umri gani, umewahi kufuga, yule wa kwanza alienda wapi, mwenye nyumba amekubali, ukihama utamfanyaje.

Hahitaji picha ya kitambulisho chako. Hahitaji kujua salio lako. Na hakuna mbwa duniani, hata awe wa ukoo gani, anayeuzwa kwa PIN. Mtu akianza na "uko na ua?" kisha akateleza hadi "nitumie namba iliyoingia kwenye simu yako nithibitishe", kata simu. Hayo ni maswali ya kuingia kwenye akaunti yako.

Je, si ubaguzi?

Kuna lawama moja tunayoichukulia kwa uzito. Watu husema kuhoji wanunuzi ni njia ya kuwapa mbwa matajiri pekee: mwenye geti la chuma anapita, mwenye nyumba ya mabati anakataliwa. Wakati mwingine ni kweli. Wapo pia wanaosikia jina lako tu na kuamua.

Lakini hilo ni kosa la anayeuliza vibaya, na dawa yake ni kuuliza vizuri. Boma la mabati lenye nyanya anayeshinda nyumbani, mabaki ya ugali na omena, na watoto wa kucheza naye, linaweza kuwa bora kuliko jumba lenye mbwa anayeona watu mara mbili kwa siku. Kama unakataa mtu, uwe na sababu inayohusu mbwa, na umwambie sababu hiyo waziwazi. Kama huwezi kuitamka mbele yake, huenda si sababu.

Na anayeuliza akubali kuulizwa. Mnunuzi ana haki ya kujua mama yao alichanjwa lini, watoto wamepewa dawa ya minyoo mara ngapi, na kama muuzaji atampokea mbwa mambo yakiharibika. Anayekuhoji nusu saa kisha akakasirika ukimuuliza swali moja, achana naye.

Tunachoshauri

Kwa anayeuza:

- Usiweke namba ya kulipia kwenye tangazo. Weka ya kupiga simu. Pesa ije baada ya mazungumzo.
- Mkikubaliana, andika ujumbe mfupi kabla ya kupokea arbuni: mbwa yupi, bei gani, anachukuliwa lini, na ni kwa sababu gani kila mmoja anaweza kujiondoa na pesa ikarudi.
- Ukipokea ujumbe wa malipo, angalia salio lako. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote, salio haliandikwi na tapeli.
- Ukirudisha pesa, irudishe kwa namba ile ile iliyotuma. Ukiambiwa "tuma kwa hii nyingine", kataa. Mwenye namba ya kwanza anaweza kurudi akiidai, na utalipa mara mbili.

Kwa anayenunua:

- Nenda ukamwone mbwa. Kama ni mbali, mtume ndugu ama rafiki aliye karibu.
- Kabla ya kutia PIN, soma jina linaloonekana. Kama umeongea na mtu mmoja na jina ni la mwingine, uliza kwanza.
- Pesa kubwa ilipwe mbwa akiwa mikononi mwako.
- Weka ujumbe wa muamala. Siku ya ubishi, huo ndio ushahidi wako.

Tunajua tunachosema. Kampuni kama yetu hupata kitu pesa inapotembea, na tunawaambia msiitembeze haraka. Lakini tumewasikiliza watu wengi waliotuma kwanza na kuuliza baadaye, na hatujaona faida inayolingana na ile sauti yao.

Na yule mama? Tulimpigia tena. Tulimwambia kile tulichopaswa kumwambia mara ya kwanza: kwamba pesa kuingia kwa simu yake si mkataba wa kumtoa mnyama mahali pabaya, kwamba aitume yote, kwa namba ile ile, na aandike ujumbe wa kueleza sababu bila matusi. Alifanya hivyo usiku huo. Mnunuzi alimjibu kwa maneno ambayo hatutayaandika hapa, lakini pesa alibaki nayo.

Mtoto huyo wa mbwa alichukuliwa wiki mbili baadaye na mwalimu mstaafu wa hapo hapo Nyamira, kwa shilingi 9,000. Mama alipoteza 6,000 kwenye bei. Tulipomuuliza kama anajuta, alisema mwalimu alimpigia wiki hiyo kumwambia mbwa amekataa kulala nje, na yeye akacheka hadi akasahau hesabu.

Watoto wa mbwa watakaofuata, anasema, ataanza na maswali.