Bega lililovunjika: Nani anahitaji upasuaji?

Katika mtaa wa Mbugangari mjini Gisenyi, karibu na mpaka wa Goma, bega la mchuuzi au la dereva wa pikipiki likivunjika, riziki ya nyumba nzima husimama. Ndiyo maana jamaa huuza mali haraka ili mgonjwa afungwe chuma, wakiamini kuwa kisu ndicho tiba bora.

Imani hiyo yafaa kuchunguzwa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uitwao ProFHER, uliohusisha wagonjwa 250 waliovunjika sehemu ya juu ya mfupa wa mkono na mifupa yao ikaachana. Baada ya miaka miwili, waliopasuliwa hawakuwa na nafuu kubwa kuwazidi waliofungwa mkono kwa kitambaa shingoni na kufanyishwa mazoezi. Hata hivyo, wengi walikuwa wanawake wenye umri mkubwa, na wale ambao madaktari waliona dhahiri kuwa lazima wapasuliwe hawakujumuishwa. Kwa hiyo kijana aliyerushwa na pikipiki hawezi kunyimwa upasuaji kwa kutajiwa utafiti huu.

Wako wasiopaswa kusubiri: aliyevunjika huku kichwa cha mfupa kimechomoka kwenye bega, aliye na jeraha lililofika mfupani, au ambaye mkono umepoa na kupauka, dalili kwamba mshipa wa damu huenda umeumia. Pia mfupa ukigawanyika vipande vingi, kichwa chake chaweza kukosa damu na kufa, hata bamba la chuma na skrubu vikiwa vimefungwa vizuri. Kwa wazee, hapo daktari bingwa huweza kupendekeza bega la bandia.

Mituweli humwachia mwanachama asilimia 10 ya gharama hospitalini. Nauli na chakula cha mwuguzaji havimo. Kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya Gisenyi, kisha Kigali, umbali wa takriban kilomita 150, kila barua ya rufaa hula siku, na kiungo kilichochomoka huwa kigumu kurudishwa kadiri muda unavyopita. Kumkandisha bega mtu kama huyo kwa muunga mifupa kabla ya picha ya eksirei ni kuyacheza maisha ya mkono wake.

Aliyepasuliwa na asiyepasuliwa wote watahitaji mazoezi ya viungo kwa miezi kadhaa, la sivyo bega litakakamaa. Kabla ya kuondoka hospitalini, mgonjwa aulize mazoezi hayo ataanza lini, na atayapata wapi karibu na nyumbani.