Mintarafu ya Mkono Uliovimba

Shangazi yangu, mkulima wa pamba katika Itilima, mkoani Simiyu, alipokatwa titi kwa ajili ya saratani alishukuru kwamba roho yake imesalimika, nasi jamaa zake tukashukuru pamoja naye; lakini kabla mwaka wa pili haujatimia, mkono wa upande ule ulianza kuwa mzito, pete ikakataa kuvuka fundo la kidole, na mkono wa gauni ukambana hata ikabidi fundi cherehani aufumue. Tabibu aliyemwona alimwambia neno moja tu, kwamba asiutumie mkono ule kwa kazi yoyote, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Neno lile ndilo lililonishikisha kalamu, kwa kuwa mwanamke wa Simiyu asiyelima, asiyechota maji wala kutwanga, hana wa kumlisha. Na lililo baya zaidi, elimu ya tiba yenyewe imekwisha kuliacha.

Chini ya ngozi ipo mishipa myembamba ichukuayo maji yaitwayo limfu, na kwapani zipo tezi ambazo maji hayo huzipitia kabla ya kurejea katika damu. Madaktari wanapozitoa ili kuufuatia ugonjwa, au mionzi inapozikausha, njia huzibika na maji yenye protini hujikusanya mkononi. Miongoni mwa wanawake waliotolewa tezi hizo, takriban mmoja katika watano hupatwa na uvimbe huu. Watu wetu huuita matende, na jina si kosa, illa limewapotosha wengi, maana matende ya pwani huletwa na minyoo ienezwayo na mbu, ambayo Serikali imepambana nayo kwa kugawa dawa tangu mwaka 2000, ilhali katika mkono wa shangazi hamna mnyoo wa kuuawa. Wala vidonge vya kukojosha havimfai, kwani hupunguza maji na kuiacha protini pale pale. Na chale, ambazo wapo wanaochanjwa kwa kudhani maji yatatoka, huwafungulia vijidudu mlango.

Tiba iliyothibiti yataka subira: ngozi isafishwe na kupakwa mafuta, mkono upapaswe kwa wepesi kwa namna aliyoianzisha Emil Vodder wa Denmark katika miaka ya 1930, ufungwe bendeji zisizovutika sana, zikikaza kiganjani na kulegea kadiri zipandavyo, kisha uchezeshwe ungali umefungwa. Ama kazi, mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanawake wenye uvimbe huu, walionyanyua vyuma vya uzito ulioongezwa kidogo kidogo huku wamevaa vazi la kubana mkono, hawakuvimba kuliko wenzao waliokaa, na dalili zao zilipungua.

Basi mkulima wa Bariadi na afundishwe hivyo hivyo: aanze na ndoo ndogo, atwikwe na mwenzake badala ya kujitwika, apumzike mkono unapochoka, msimu wa kuchuma pamba avae glavu, kwa sababu maganda makavu ya vitumba yana ncha zinazochoma vidole, na siku mkono utakapowaka, ukawa mwekundu na homa ikampanda, aende hospitali siku ile ile apewe antibiotiki.

Nani atamfundisha? Hospitali ya Bugando, Mwanza, inatibu saratani za Kanda ya Ziwa nzima, lakini kufunga bendeji ni kazi ya kila siku kwa majuma kadhaa, na hapana mkulima awezaye kulipa nauli ya kupitia Lamadi kila kunapokucha. Mimi naona kila wilaya, Maswa, Meatu, Busega na hizo nyingine, ipeleke muuguzi mmoja akajifunze, naye arudi awafundishe wenziwe. Na bendeji hizo ziagizwe Bohari ya Dawa kama ziagizwavyo dawa nyingine. Yanichoma moyo kuona marobota ya pamba yakipakiwa malori hapa kwetu, na mwanamke aliyeichuma pamba ile akikosa kitambaa cha kufungia mkono wake. Tena mikono yote miwili ipimwe unene kabla ya upasuaji, ili uvimbe ujulikane ungali mdogo. Haihitajiki mashine, futi ya fundi yatosha.

Shangazi alikwisha kuiazima. Kila Jumapili hujipima kiganjani, kiwikoni na juu yake, na mjukuu huandika nambari katika daftari la shule, akingoja atakayekuja kuzisoma.