NENO "BATTLE" NA MIJADALA YETU

Wako wenzetu hapa shuleni wasemao kwamba kuchunguza asili ya maneno ni kazi ya watu wasio na shughuli. Wasema yatosha kujua maana ya neno na namna ya kuliandika, kisha mtu aendelee na hesabu zake. Mimi sikubaliani nao. Nataka kulichukua neno moja tu la Kiingereza, neno "battle", nionyeshe kwamba asili yake ina fundisho kwa kila mmoja wetu asimamaye kusema katika Chama cha Mjadala siku ya Jumamosi.

Neno hili twalijua sote kwa sababu ya vitabu vya historia. Maana yake ni pigano la majeshi mahali pamoja, kwa saa au siku kadhaa. Si sawa na "war", ambayo ni vita vizima vyenye mapigano mengi ndani yake. Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha 1945, ilikuwa "war". Pigano la El Alamein la mwaka 1942, katika vita hiyo, lilikuwa "battle".

Waingereza wa kale hawakuwa na neno hili. Walikuwa na maneno yao wenyewe ya vita na mapigano, kama "hild", "guth" na "wig". Maneno hayo yamekufa katika Kiingereza cha leo, walakini mengine yamebaki yamejificha ndani ya majina ya watu. Dada aitwaye Hilda amebeba jina la vita. Edith ni neno la mali lililounganishwa na neno la vita, na Matilda maana yake ni nguvu katika vita. Wako akina dada wapole kabisa waitwao kwa majina hayo, wala hawajui kwamba wanatembea na silaha!

Maneno yale ya kale yalipata washindani baada ya mwaka 1066. Mwaka huo William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari kutoka Ufaransa, na tarehe 14 Oktoba akamshinda Mfalme Harold karibu na mji wa Hastings. Wanormani walisema Kifaransa, nacho kikawa lugha ya mfalme na ya wakubwa wake kwa muda mrefu. Maneno mengi ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza, na mojawapo lilikuwa "bataille", ambalo Waingereza walilifanya "battle". William aliamuru ijengwe nyumba ya watawa mahali pale pa pigano, na mji uliokua kando yake unaitwa Battle hata leo.

Nao Wafaransa walilipata neno hilo katika Kilatini. Warumi walikuwa na neno "battuere", yaani kupiga au kutwanga. Kutokana nalo likatoka "battualia", ambalo halikuwa na maana ya vita, bali ya mazoezi ya askari na ya wale waliopigana viwanjani, walipojifunza kutumia upanga. Vegetius, mwandishi wa Kirumi aliyeandika kitabu juu ya mambo ya jeshi, ameeleza jinsi mazoezi ya namna hiyo yalivyokuwa. Kijana aliyeingia jeshini alipewa upanga wa mti na ngao iliyosukwa kwa fito, na uzito wa vitu hivyo ulikuwa maradufu ya silaha za kweli. Kisha aliwekwa mbele ya mti uliosimikwa chini, wenye urefu wa futi sita, akaupiga kana kwamba ni adui. Mara alenge kichwa, mara ubavu, mara miguu. Basi yafaa tukumbuke kwamba mzazi wa neno "battle" alikuwa neno la kujifunza kabla ya kuwa neno la kuuana.

Kiswahili chetu kilifika mahali pale pale kwa njia yake chenyewe. Sisi nasi tulichukua neno "piga" tukapata "pigana". Wafaransa husema "se battre" kwa maana iyo hiyo, kama wajuavyo wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma lugha hiyo. Na hiyo "-ana" yetu yatukumbusha kwamba mtu mmoja hawezi kupigana peke yake.

Watoto wa "battuere" katika Kiingereza ni wengi, nao hawafanani tabia. Yuko "combat", yaani kupigana na mtu. Yuko "battalion", kikosi cha askari. Yuko "battery", ambalo lilikuwa neno la mizinga iliyopangwa pamoja, mpaka Benjamin Franklin wa Marekani, katika miaka ya 1740, alipolitumia kwa vyombo vya kioo alivyoviunganisha ili vihifadhi umeme. Ndiyo maana betri ya tochi uliyo nayo chini ya mto bwenini ni jamaa ya "battle". Lakini tusidanganyike kwa sura. Neno "beat", yaani kupiga, si la ukoo huu ingawa lafanana nao. Hilo ni la Waingereza wenyewe tangu kale.

Mtoto mmoja nimemweka wa mwisho kwa makusudi, naye ni "debate". Neno hili latoka katika Kifaransa cha kale, na ndani yake limo neno la kupiga, pamoja na kiambishi chenye maana ya kuangusha chini. Zamani lilikuwa na maana ya ugomvi. Mtu akifungua Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, katika Waraka kwa Warumi, sura ya kwanza, aya ya 29, atalikuta neno "debate" limepangwa katika orodha ya dhambi, jirani na uuaji na udanganyifu! Lakini kadiri miaka ilivyopita neno hili lilistaarabika. Likaingia katika mabunge na vyuo, likawa neno la watu wanaozungumza kwa zamu, chini ya mwenyekiti, kila mmoja akileta hoja zake.

Sasa nauliza: sisi hapa tunalifuata neno hili liendako, au tunalirudisha lilikotoka? Nasikitika kusema kwamba katika mijadala yetu naona dalili za kulirudisha. Kijana wa Kidato cha Kwanza husimama, hukosea neno moja la Kiingereza, na ukumbi mzima hulipuka kwa kicheko. Msemaji wa upande wa pili, badala ya kujibu hoja, hutumia dakika zake kuiga matamshi ya mwenzake, au kutaja kabila lake, au viatu vyake. Naye hupigiwa makofi mengi kuliko wote, kisha watu husema kwamba ameshinda.

Madhara ya jambo hili ni makubwa kuliko tunavyodhani. Wengi wetu tumetoka katika shule za msingi tulikofundishwa kwa Kiswahili, na masomo ya hapa ni kwa Kiingereza. Ukumbi wa mjadala ni mahali pachache ambapo mwanafunzi aweza kujizoeza kusema lugha hiyo bila kuogopa alama za mtihani. Aliyechekwa siku ile hasimami tena. Nawajua wenzangu wenye akili nyingi ambao wamekaa kiti cha nyuma tangu Kidato cha Kwanza, na mpaka leo hatujapata kusikia wanafikiri nini. Hasara hiyo si yao tu. Ni yetu sote, maana hoja nzuri iliyonyamazishwa haimfai mtu.

Wako watakaosema kwamba mjadala bila mzaha ni kama chai bila sukari. Nakubali. Lakini kuna mzaha uichekao hoja, na kuna mzaha umchekao mtu. Ule wa kwanza huchangamsha ukumbi na kumfanya mwenye hoja aijenge upya. Huu wa pili ni fimbo.

Lugha yetu yenyewe imetupa mfano. Neno "bisha" ni kupinga maneno ya mtu. Na pia mgeni mwenye adabu hubisha hodi, kisha hungoja ajibiwe. Na mabaharia wa pwani, chombo kinapokwenda kinyume cha upepo, husema kinabisha. Nahodha hautukani upepo. Hukigeuza chombo huku na huku, akautumia upepo ule ule umpingao mpaka afike. Mtu akibisha namna hiyo ukumbini, atakuwa amefundisha na kufundishwa.

Basi natoa mashauri matatu kwa viongozi wa Chama. Kwanza, kila msemaji kabla ya kupinga aieleze hoja ya mwenzake kwa ufupi, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Pili, mwenyekiti amkalishe mara moja yeyote amtajaye mwenzake kwa kabila, umbo, mavazi au matamshi, na upande wake upunguziwe alama. Tatu, kosa la lugha lisahihishwe baada ya mjadala, kwa upole, na anayejua zaidi.

Askari wale wa Kirumi waliupiga mti wao asubuhi na jioni, wala mti haukulia, nao wakapata nguvu na ustadi. Sisi nasi tunao mti wa kuupiga, nao ni hoja. Tuupige kwa nguvu zetu zote muhula ujao, na tumwache salama mtu aliyesimama kando yake.